Pointi za Kwenda Ufaransa

Ukitaka kuruka, agana na nyonga. Miguu hujisifu, na macho hupima mtaro yakauona mwembamba, lakini nyonga ndiyo imbebayo mrukaji. Ikigoma, mtu huangukia katikati. Ndiyo maana wazee wetu wakamtaka kila mwenye shauku aulize kwanza ndani ya mwili wake mwenyewe: je, nguvu ninayo? Wapo waulizao, na wapo wanaoruka kabla ya jibu. Miongoni mwa hao wa pili alikuwamo Wendell Stroud, dereva wa basi la shule katika mji mdogo wa Corley, kusini mwa jimbo la Indiana.

Wendell alikuwa mtu wa makamo, mrefu kama mlingoti, mpole asiye na makuu. Siku za shule aliwabeba watoto asubuhi na kuwarudisha alasiri. Jumamosi alikuwa na kazi yake ya pembeni, kazi ambayo watu wachache wangeifikiria: alisafisha mawe ya makaburi. Katika vilima vya Corley mawe ya kale yalikuwa yameota kuvu na kusawijika, na wenye wafu wao, wengi wakiwa wamehamia mijini, walimlipa ayarudishie sura. Aliifanya kazi hiyo kwa maji, brashi laini na subira. Angepiga magoti mbele ya jiwe moja toka asubuhi hadi adhuhuri, akilisugua taratibu kama mama aoshaye uso wa kichanga, mpaka jina lililofunikwa lianze kuchungulia. Malipo hayakuwa makubwa. Yalitosha mafuta ya pikapu, viatu vya baridi na pai ya cheri Jumapili.

Mama yake, Lorene, aliishi nao nyumbani, yeye Wendell na mkewe Patrice. Alikuwa bikizee wa miaka themanini na ushei, mwenye ulimi mkavu na akili kali kama wembe. Kaka yake aitwaye Dewey alikufa katika vita vya pili vya dunia, Lorene akiwa bado msichana mdogo wa kubebwa mabegani, naye akazikwa huko huko Ufaransa. Jeshi liliwatumia picha ya msalaba mweupe wa jiwe katikati ya misalaba isiyo na idadi. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa kaburi lake.

Jioni moja ya Februari, wakiwa mezani na supu ya maharagwe na mkate wa mahindi, Lorene aliweka kijiko chini.

"Nimemzika mama, nimemzika baba, nimemzika na huyo baba yako," alisema. "Wote nimewasindikiza kwa miguu yangu. Ni Dewey tu ambaye sijamuaga. Ningependa niliguse lile jiwe lake kabla sijafa. Basi. Nipe siagi."

Patrice alimpa siagi. Wendell naye akaweka kijiko chini. Yeye aliyekula kwa kuosha mawe ya wafu wa watu, mjomba wake mwenyewe hakuna wa kwake aliyepata kumpangusa hata vumbi! Usiku ule usingizi ulimpaa.

Kesho yake, kwenye maegesho ya mabasi, alimweleza mwenzake Boyd Hatcher. Boyd alikuwa dereva kama yeye, mcheshi, mtu wa maneno matamu kama asali, na siku za mapumziko alikata nyasi za watu.

"Nauli ya watu wawili mpaka Ufaransa!" Wendell alilalama. "Niitoe wapi, Boyd?"

"Nani kakwambia utoe? Omba kadi ya biashara, jamaa yangu. Kadi ya mkopo, ile inayotoa pointi. Pointi zinanunua tiketi."

"Biashara gani niliyo nayo mimi? Ndoo na brashi?"

"Ndoo na brashi ni biashara! Huhitaji kampuni wala ofisi. Unaomba kwa jina lako mwenyewe, unasema unafanya nini na unaingiza kiasi gani. Mimi nakata majani, na mwezi uliopita nilikuwa Florida nimelala kifudifudi mchangani kama kambare, tiketi sijalipa hata senti."

"Hivi hivi tu?"

"Kuna sharti. Unatumia kiasi fulani ndani ya miezi mitatu ya kwanza, wanakumwagia pointi. Kadi ndogo, pointi kiduchu. Kadi kubwa, mama yako yuko Ufaransa anakula mkate wao."

"Na hiyo kubwa watanipa?"

Boyd alitazama huku na huku, akacheka. "Inategemea utaandika unaingiza ngapi. Tia chumvi. Kila mtu anatia chumvi."

"Kiasi gani?"

"We tia mpaka supu ikolee!"

Jioni Wendell alifungua kompyuta juu ya meza ya jikoni. Patrice, ambaye alikuwa muuzaji wa duka la dawa na mwenye mkono mzito katika kutumia, alivuta kiti akaketi kando yake. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi: jina, anwani, aina ya kazi, miaka ambayo ameifanya. Kisha likaja lile lililouliza mapato ya biashara kwa mwaka.

"Elfu saba," Patrice alisema. "Na hapo nimekuhurumia."

"Kwa dola elfu saba watanipa kadi ya kununulia ndoo."

"Basi tutanunua ndoo. Nisikilize, Wendell. Tuombe ile ndogo, isiyo na ada. Mafuta ya gari, bima, chakula, vyote tuvilipie kwa kadi hiyo, na kila mwezi tuimalize. Pointi zitakuja kidogo kidogo. Nauli inayobaki tutaidunduliza. Septemba mama anapanda ndege."

"Septemba ni mbali. Umemwona anavyopanda ngazi?"

"Septemba si mbali kwa mtu anayefika."

Wendell aliurudisha mkono kwenye vibonye. Alimwona mama yake katika fikra zake, ameinama mbele ya msalaba mweupe, na picha hiyo ikamtia upofu. Akabonya arobaini na tano, akaongeza sifuri zake. Uongo ulioandikwa kwa kalamu huonyesha mwandiko wa mwenyewe, lakini ule wa vibonye hauna sura, nao hutoka laini kama ukweli. Kufumba na kufumbua, jibu likaja: amekubaliwa, tena kwa mkopo mkubwa kuliko alivyotarajia.

"Si unaona!" alisema.

Patrice aliinuka akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kuoshwa.

Sharti la kadi ile lilikuwa atumie dola elfu nane katika miezi mitatu. Nyumba yao, ukijumlisha maziwa na umeme na kila kitu, haikufika hata nusu ya hapo. Ikambidi Wendell atafute cha kununua, jambo ambalo maishani mwake hakuwahi kulitafuta. Akanunua tela jipya. Akanunua tangi la maji na jenereta. Akanunua na mashine ya kurusha maji kwa nguvu, ile ioshayo mabaraza ya saruji na ubavu wa malori, ikavuma kama nyuki elfu. Boyd alikuja kuitazama akapiga mluzi. "Sasa we ni tajiri, bwana. Nikupigie saluti?"

Lakini vitu vya mkopo havikai kimya. Ili alipe, alihitaji kazi kubwa, na kazi kubwa ilikuwapo. Kamati ya makaburi ya kanisa la mlimani ilikuwa imemwomba tangu zamani asafishe makaburi yote, mamia ya mawe, naye siku zote alijibu kwamba ni mengi mno kwa magoti ya mtu mmoja. Safari hii aliikimbilia kamati mwenyewe. Aliahidi kwamba mwisho wa Mei, siku ambayo watu wa huko huwapelekea wafu wao maua, kila jiwe litakuwa linang'aa. Wakampa malipo ya awali, naye akayapokea kwa mikono miwili.

Alianza na mawe mapya ya matale, yale magumu yasiyoumizwa na maji. Mashine ilifanya maajabu. Jiwe lililokuwa jeusi asubuhi lilikuwa la kijivu kabla ya chai, na kazi ya Jumamosi nzima ikaisha saa chache. Kichwa kikamvimba. Siku zikayoyoma, basi la shule likimla saa zake, na Mei ikaingia akiwa bado na safu za nyuma, zile za marumaru ya kale, mawe laini kama chumvi. Alijua kwamba marumaru ya namna ile haivumilii maji ya nguvu. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika vilima vile, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote.

"Nitapunguza kasi," alijiambia.

Alipunguza kwa mawe mawili matatu, halafu jua likamtisha, akaongeza. Maji yalipopiga, weupe ulitokea wa kuumiza macho, naye akafurahi. Chini ya mawe majani yalijaa unga mweupe. Wendell aliuona unga ule. Akajiambia ni uchafu, akasogea kwenye jiwe lililofuata.

Katikati ya mwezi pointi ziliingia. Zilikuwa tele, za kutosha tiketi mbili na zaidi. Alimshika mama yake mabega akamwambia, "Mama, tunakwenda kwa Dewey." Lorene alitoka nje akasimama barazani, akawapa mgongo, na ilichukua muda mrefu kabla ya kurudi ndani. Kilichobaki ni pasi yake ya kusafiria, ambayo hakuwahi kuwa nayo maisha yake yote. Walituma maombi, wakaambiwa wasubiri. Tiketi zingekatwa pasi ikifika.

Siku ya maua ikawadia. Kilima kilijaa watu, bendera ndogo na vikapu vya maua. Makaburi yalimeremeta kutoka mbali, na mwenyekiti wa kamati alimpa Wendell mkono mbele za watu. Ndipo gari la Bibi Opal Teague liliposimama langoni, na mpwa wake akamshusha.

Bibi Opal alikuwa amemfundisha Wendell kusoma, na sasa macho yake yalikuwa yamepofuka. Kila mwaka alikuja kwa dada yake Ivy, aliyefariki utotoni, na kila mwaka Wendell ndiye aliyemshika mkono kumfikisha. Jiwe la Ivy lilikuwa dogo, la marumaru, na juu yake amelala mwanakondoo. Bibi Opal hakuwa na haja ya macho hapo. Alipiga magoti, akampapasa mwanakondoo kichwani, kisha akayasoma maandishi kwa vidole, herufi kwa herufi, huku akitabasamu.

Mwaka ule vidole vyake vilipapasa, vikasimama, vikarudi juu.

"Wendell, mwanangu, umenipoteza," alisema. "Hili si la Ivy."

"Ndilo, Bibi Opal."

"Kondoo wa Ivy ana masikio. Ana pua. Hiki mbona ni kidonge cha sabuni tu?" Vidole vikashuka, vikateleza juu ya uso wa jiwe, kushoto, kulia, vikitafuta. "Jina liko wapi?"

Watu waliokuwa karibu wakasogea. Wendell alilitazama jiwe kwa mara ya kwanza tangu alipolipiga maji. Lilikuwa jeupe pe, zuri, na tupu. Hapa na pale palibaki kivuli cha mstari, kama kovu la zamani. Kwa nyuma alimsikia Boyd akimnong'oneza, "Sema ni mvua. Miaka yote hiyo, mvua imekula. Sema hivyo!"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena mwepesi kama ule wa kwanza. Wendell akautema.

"Nimelifuta mimi, Bibi Opal. Nililipiga kwa mashine."

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukichukua asubuhi nzima?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa jibu lisilotamkika mbele ya kaburi lile.

Bibi Opal alibaki amepiga magoti, viganja vyake vyote viwili vimelala juu ya jiwe. "Ivy hakuwahi kupigwa picha," alisema polepole. "Kwetu hapakuwa na pesa za picha. Sura yake imeshanitoka. Nilikuwa na hizo herufi tu." Kisha akainua mkono hewani, na Wendell alipoukimbilia, akasema, "Siyo wewe. Mwite mpwa wangu."

Habari ile ilienea kama moto wa mabua. Watu walikwenda kuyatazama mawe yao, na si la Ivy peke yake lililopata hasara. Kamati ilidai irudishiwe malipo yake ya awali. Waliokuwa wamemwahidi kazi wakapiga simu mmoja mmoja, wote kwa adabu, wote wakisema hapana. Boyd alianza kuegesha basi lake upande wa pili.

Bili ya kadi haikungoja mtu apone aibu. Mwezi wa kwanza baada ya siku ile Wendell alilipa kile kima cha chini, mwezi wa pili akashindwa hata hicho, na riba ikaanza kula deni kama mchwa alaye mlango. Alipiga moyo konde akaipigia simu benki iliyotoa kadi, akaomba apunguziwe. Msichana aliyempokea alikuwa na sauti ya upole. Alisema wataangalia, ila atume hati zinazoonyesha yale mapato ya elfu arobaini na tano.

Hati hizo hazikuwapo duniani. Kadi ikafungwa, pointi zote zikafutwa, deni likabaki pale pale lilipokuwa. Wiki hiyo hiyo tarishi alileta pasi ya Lorene, mpya, ya buluu, na ndani yake picha ya bikizee aliyevaa hereni.

Wendell alimkuta mama yake barazani akimenya njegere. Alimweleza yote tangu mwanzo, bila kuficha. Lorene hakuinua macho.

"Uliandika ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Na unapata ngapi?"

"Saba, Mama. Mwaka mzuri."

Lorene aliendelea kumenya. "Dewey alikuwa na miaka kumi na sita," alisema hatimaye. "Hilo sikuwahi kukwambia. Jeshini aliandika kumi na minane. Alikuwa mrefu kama wewe, wakamwamini. Baba alijua, akanyamaza, maana kijana mwenyewe aliwaka kama taa. Na baba hakuacha kuifikiria siku ile mpaka tulipomzika." Akasukuma bakuli. "Kama ungeniuliza, ningekukataza. Lakini hukuuliza mtu. Mkeo alikwambia, hukusikia."

"Nilifanya kwa ajili yako, Mama."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma mimi."

Wendell aliuza tela, tangi, jenereta na mashine, vyote kwa hasara. Kabla hajailipa benki senti moja, alikwenda kwa mchonga mawe karibu na machimbo akamlipa achonge bamba dogo la mawe ya huko, lenye herufi za kuzama, liwekwe mbele ya jiwe la Ivy. Mpwa wa Bibi Opal alimleta bibi kulisoma. Vidole vilipita mara moja, vikapita tena.

"Jina ni lake," alisema. "Mkono si ule." Hakusema amesamehe, na Wendell hakuthubutu kuuliza. Waliorekebishiwa mawe yao walikuwa wachache, maana jiwe likishakula hasara halina tiba.

Deni lilichukua miezi minane kulipwa. Wendell aliendesha basi, na usiku akapakua mizigo ghalani. Patrice hakumsimanga hata siku moja; alihesabu tu, akajifunga mkanda pamoja naye. Siku deni lilipokwisha, walikaa tena mbele ya ile kompyuta wakaomba kadi ndogo. Kwenye swali la mapato Wendell aliandika alichokipata kweli, ambacho mwaka ule hakikufika hata elfu mbili. Wakampa kikomo kidogo cha mkopo, cha kununulia mafuta na brashi. Kwa pointi chache na akiba ya Patrice, Septemba ya pili nauli ikatimia, sawasawa na alivyosema mkewe, ila kwa kuchelewa mwaka mzima.

Wendell alikwenda chumbani kwa mama yake. Majira ya baridi yaliyopita moyo wa Lorene ulikuwa umedhoofika. Miguu ilimvimba, na alilala ameegemea mito ili apate pumzi. Siku tatu kabla, daktari alikuwa amemwambia asithubutu hata kupanda gari la safari ndefu, sembuse ndege. Wendell hakuwa ameambiwa. Lorene alikuwa amekataa aambiwe.

"Mama, sasa tunaweza," alisema. "Pesa halali. Zote."

Lorene aliitazama miguu yake juu ya mto, kisha akamtazama mwanawe. Usoni mwake hamkuwa na hasira, na afadhali ingekuwamo.

"Mwaka jana ningeweza, mwanangu."

Wendell aliketi ukingoni mwa kitanda akafunika uso wake. Mama yake alimwacha alie, kisha akamgusa bega.

"Nenda na Patrice," alisema. "Mwambie nilikuwa nakuja."

Walikwenda, wakamwambia. Wendell alipiga magoti mbele ya msalaba mweupe na maji kidogo na kitambaa laini, akaupangusa polepole mpaka jua likapinda, na hakuna aliyemharakisha. Lakini mkono ulioutamani msalaba ule kwa miaka themanini ulikuwa umelala juu ya blanketi huko Corley, ng'ambo ya bahari, na bahari ile mwaka mmoja tu kabla ilikuwa ya kuvukika. Angeuliza nguvu zake kabla ya kuziruhusu ndoto zake, wangevuka pamoja. Hakika, ukitaka kuruka, agana na nyonga.